Kaseti ya Regina na Njegere za Mtani

Tak.

Kimya kidogo. Halafu tena, tak.

Nilifumbua macho gizani. Majogoo wa mtaa wetu wa Mafiga walikuwa bado hawajakubaliana nani aanze kuwika. Sauti ile ilitoka sebuleni, na ninaijua kama ninavyokijua kikohozi changu. Ni kitufe cha redio kaseti yetu. Mtu alikuwa anakibonyeza, anakiachia, anakibonyeza tena, na redio haikuwa na kitu ndani.

"Irene!"

"Abee, Bibi."

"Unaiamsha redio au unaniamsha mimi?"

"Samahani, Bibi. Lala tu."

"Nilale vipi wakati bibi harusi anazungumza na redio tupu?"

Nikatoka. Mjukuu wangu alikuwa amekaa sakafuni, kanga imemfunika mpaka kidevuni.

"Kamati wamenipigia jana," akasema. "Wanataka wimbo kesho jioni. Wakiukosa, naingia ukumbini na wimbo waliouchagua wao."

"Na wewe umewajibuje?"

"Nimewaambia waliingize gauni peke yake."

Nilicheka. Yeye hakucheka, na hapo nikajua hatanii.

Kwa ninyi mnaokutana nami leo, nitasema kwa kifupi, maana kuyarudia yote kunanipandisha presha. Irene ni binti wa marehemu Regina, mwanangu wa pekee. Keshokutwa, Jumamosi, ni sendofu yake, anaagwa aende kwa Baraka. Ameomba kitu kimoja tu, aingie ukumbini kwa wimbo alioimba mama yake. Kwanza ukumbi wetu ukapewa watu wengine. Tukapata mwingine. Gauni nalo likarudi kutoka kwa fundi limeshonwa kwa vipimo vya mtu mnene. Tukalipunguza. Wiki iliyopita niliishia pale MC Oscar alipoichukua kaseti yetu ili aihamishie kwenye flashi, akaisahau juu ya dashibodi ya gari pale stendi ya Msamvu, jua la mchana likaipika mpaka ikajikunja kama kaimati.

Oscar aliirudisha akilia kuliko sisi. Nikampa maji ya kunywa. Hakukimbia, hakusema uongo, alikuja mwenyewe mpaka mlangoni. Watu wa namna hiyo si wengi. Lakini kaseti ndiyo ilikuwa imekwisha.

Msidhani ni kaseti ya taarabu au ya injili. Ni roki. Regina na wenzake wawili walianzisha kikundi wakakiita Bondwa, kama kilele cha mlima wetu. Magitaa ya umeme, ngoma, na sauti ya mwanangu juu yake. Watu wa redio walisema hizi ni kelele za mashine ya kusaga. Hakuna aliyewataka. Basi wakajirekodi wenyewe uani kwangu, wakanakili kaseti moja moja, jalada lina picha ya mlima, wakaziuza kwa mkono stendi. Wakaziita Ukungu Saa Nne.

Mpiga gitaa, Geofrey, aliokoka akachoma nakala zake zote, kisha akaniletea sabuni kuniomba radhi. Mpiga ngoma, Godlisten, alikwenda machimboni na simu yake haipatikani.

"Irene," nikamwambia, "kuna nakala moja mlimani."

Akainua kichwa.

"Mama yako alimpa mjomba wake. Kwetu mtoto ni wa mjomba, kwa hiyo ya kwanza kabisa ilipanda kwa kaka yangu Leonard. Aliiweka kwenye sanduku lake la bati."

"Lakini babu Leonard tumemzika, Bibi."

"Tumemzika yeye. Sanduku hatukulizika."

*

Nilipanda na lori la mboga lililokuwa linarudi tupu Mgeta. Dereva alimshusha mtu wake aliyekaa mbele akanipisha kiti, akakunja koti lake akaliweka chini ya miguu yangu. Sikumwomba. Pale Nyandira akanikabidhi kwa kijana wa bodaboda anayeitwa Mikidadi, akamwambia, "Huyu ni mama yangu, ukimwangusha utanieleza."

Wifi yangu Magreth, mjane wa Leonard, alinipokea kwa machozi na sahani ya viazi.

"Wifi, nina haraka."

"Haraka yako umeikuta hapa? Kaa ule."

Nikala. Huwezi kubishana na mtu aliyefiwa akiwa ameshika mwiko. Nilipomaliza nikasema, "Nimefuata kaseti ya Regina. Ile ya kwenye sanduku."

Magreth akaacha kukusanya vyombo.

"Mtani kaichukua."

"Mtani yupi?"

"Stephano. Siku ile ya kuanua matanga. Wifi, si ulikuwepo? Alitoka chumbani amezitunga kaseti zote kwenye kamba, kajivika shingoni kama shanga, anacheza mbele ya watu, anasema marehemu alikuwa mwizi wa mboga zake na sasa anachukua fidia. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Na wewe ulicheka."

Kweli, nilicheka. Tangu kaka yangu afariki hicho ndicho kicheko changu cha kwanza, na nilimshukuru Stephano moyoni.

"Mimi nilidhani ni za kwaya tu," Magreth akasema. "Ningejua ya Regina imo, ningeificha kwenye unga."

Sasa mtaniuliza, si uende ukamnyang'anye? Hapana. Sisi Waluguru tuna watani wa ukoo. Ukoo wa Stephano na wetu wametaniana tangu enzi za mababu ambao hata majina yao hatuyajui. Mtani akichukua kitu kwenye msiba, amechukua. Humkatalii. Na kubwa zaidi, humkasirikii. Ukimkasirikia mtani, unalipa kuku.

Nilitoka nje nikiuma midomo. Mikidadi alikuwa bado ananingoja, amekaa juu ya pikipiki yake.

"Mbona hukuondoka, mwanangu?"

"Bibi, matope haya utashukaje peke yako? Tunaenda wapi sasa?"

*

Stephano alikuwa shambani kwake, kwenye matuta ya njegere yaliyoshuka mlimani kama ngazi. Aliniona kwa mbali akapaza sauti.

"Nani huyo anakuja kuniibia njegere?"

"Ni mwenye shamba! Nimekuja kukagua vibarua wangu!"

"Mwenye shamba gani hana meno?"

"Meno yangu yalibaki kwenye kuku wa ukoo wenu. Walikuwa wagumu kwa uchoyo!"

Akacheka, akaja kunipa mkono. Nami nilikuwa karibu kucheka. Ndipo upepo ukapita, na shamba likalia.

Vuuuuu.

Nikageuka. Kutoka mti hadi mti, tuta hadi tuta, ulikuwa umefungwa mkanda mwembamba unaometameta. Upepo ukiupiga unatetemeka na kuvuma, na ndege waliokuwa wanataka kutua walikuwa wanageuza njia.

"Stephano. Hiki ni nini?"

"Dawa ya ndege, mtani! Urithi wa kaka yako. Alipokuwa hai hakuwahi kunilimia hata tuta moja. Sasa nimemwajiri, analinda njegere zangu kutwa nzima na hadai chakula."

"Umezifungua kaseti?"

"Zilikuwa zimelala bure, si nimezipa kazi?"

"Zote?"

"Sasa nibakize za nini? Ndege wa hapa hawapendi muziki."

Wasomaji wangu, mimi si mtu wa hasira. Nimelea mtoto, nikamzika, nikalea mtoto wake. Nimefundisha ulimi wangu kukaa. Lakini ukumbi, gauni, dashibodi ya Oscar, vyote vilinipanda kwa pamoja.

"Wewe mzee mpumbavu!" nikapiga kelele. "Hivi kichwani mna ubongo au maganda ya njegere?"

Stephano akaruka juu kwa furaha.

"Kakasirika! Mashahidi mpo? We kijana wa bodaboda, umesikia? Kuku!"

"Chukua kuku! Chukua na banda lake! Chukua na mimi mwenyewe unifunge hapo kwenye mti nikufukuzie ndege!"

Nikakaa chini katikati ya tuta nikalia. Si kilio cha kuomba kitu. Ni kile cha mtu aliyechoka.

Stephano akaacha kuruka. Akavua kofia. Mtani ndiye wa kwanza kukudhihaki, lakini ndiye huyo huyo anayekuchimbia kaburi jua likiwaka. Hakusema pole. Alikwenda kwenye mti wa kwanza akaanza kufungua fundo.

"Kijana," akamwita Mikidadi, "niletee magunzi pale kwenye kihenge. Tutazungushia hapo. Vuta taratibu, usiupinde."

Tukafanya kazi ile watu watatu. Stephano anafungua, Mikidadi anavuta, mimi nazungusha kwenye gunzi kama ninavyozungusha uzi wa kufumia. Mkanda ulikuwa na vumbi, sehemu nyingine umekatika na kuungwa kwa fundo. Haukupita muda ndege wakaanza kushuka kwenye njegere zilizobaki wazi.

"Stephano, ndege wamekuja."

"Waache wale. Nao wana matanga yao."

Alisema bila kugeuka. Njegere zile ndizo chakula chake na ada ya wajukuu wake, nami nilijua. Nikaendelea kuzungusha.

"Hivi kuna nini humu, Bibi?" Mikidadi akauliza, Stephano alipokuwa ametangulia matuta ya mbali, hatusikii.

Nikamweleza. Nilikuwa na mkanda mkononi na sikujua nimeshika wimbo upi, kwa hiyo nikamweleza zote.

Nikamwambia walivyotundika kinasa sauti kwenye kamba yangu ya kuanikia nguo. Jirani alikuja kugombana kwa sababu ya kelele, akaishia kukaa kwenye ndoo na kutingisha kichwa. Mimi nilikuwa nakaanga maandazi, na kwenye wimbo wa pili ukisikiliza vizuri unayasikia mafuta. Geofrey alitaka wafute. Regina akasema, "Maandazi ya mama yasipokuwemo, na mimi simo."

Nikamwambia wimbo wa tatu, huo anaoutaka Irene, unaitwa Tuvuke Wote. Ngoma zinapigwa kama mtu anabomoa mlango. Halafu katikati vyombo vyote vinanyamaza, Regina anabaki anaimba peke yake, kisha vinarudi kwa pamoja. Irene alijifunzia kutembea kwenye wimbo huo. Mama yake alikuwa ameshaondoka. Mtoto alikuwa anashika mguu wa meza anatikisika. Vyombo vikinyamaza, naye anatulia anasikiliza ile sauti. Vikirudi, anaiachia meza. Siku moja akavuka sebule nzima, akaja akaniangukia magotini.

"Ndiyo maana anataka kuingia nao ukumbini," Mikidadi akasema polepole.

"Ndiyo maana. Baba yake ametuma salamu tu, wajomba wamekwisha. Anataka kuvuka na mtu wake."

Upande wa pili wa kaseti ulikuwa wangu. Nyimbo za taratibu kidogo, gitaa linalia kama mvua ya mlimani isiyo na haraka. Niliupiga sana mwaka ule wa msiba. Watu walinishauri nisikilize nyimbo za kufariji, Mungu anipe nguvu. Niliwashukuru, walikuwa wananitakia mema. Wakiondoka, nabonyeza kitufe.

Tulipofika tuta la mwisho, nilikuwa na magunzi yaliyonona kama mahindi mabichi. Mikidadi akasema mjini yuko fundi anayeweza kuurudisha mkanda kwenye ganda la kaseti nyingine. Moyo wangu ukaanza kupata joto.

Stephano akajifuta mikono.

"Mtani, kaka yako kwenye kwaya aliimba sauti gani?"

"Besi. Kwa nini?"

"Basi besi yake itakuwa humo. Hiyo ni kwaya ya parokia kutoka mwanzo hadi mwisho."

Nikamtazama.

"Na ya Regina ni gunzi lipi?"

"Regina yupi?"

"Mwanangu! Kaseti yenye picha ya mlima!"

"Aaa, hiyo! Hiyo sikuifungua. Nilimpa Mama Joyce, yule bibi wa ng'ambo ya kijito."

Nikamsogelea.

"Stephano. Nimekuuliza kama umezifungua zote."

"Nilidhani unaulizia za kwaya."

"Na ulivyoniona nalia?"

"Nilidhani unamlilia kaka yako. Ulifika, ukanitukana, ukakaa chini ukalia. Mimi ni nani nimwambie mtu asimlilie kaka yake?" Akayatazama matuta yake. "Nikasema, basi, sauti ya Leonard aende nayo."

Nilikuwa nimeshika gunzi. Mkono wangu ukainuka wenyewe.

"Kuku wa pili huyo," Stephano akasema, akiutazama.

Nikaliweka gunzi kwenye kikapu. Kisha nikayapanga na mengine vizuri, nikayafunika kwa kitambaa, kwa sababu hakuniambia uongo. Besi ya kaka yangu ilikuwa humo.

"Mama Joyce alizitakia nini kelele zile?"

"Haoni vizuri, na watoto wote wako Dar. Ana redio ya zamani. Nilimpelekea za kwaya akazikataa, anasema zinamkumbusha misiba. Nikamwekea ile kwa utani, nikitegemea atanifukuza. Akasema iache."

*

Mama Joyce ni mkubwa kwangu sana, labda ni wa umri wa mama yangu mdogo. Alikuwa amekaa mlangoni. Pembeni yake ungo, na juu ya ungo betri kubwa za redio zimepangwa kama mihogo ya kuanikwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sauti siijui."

Nikajitambulisha, ukoo wangu na kaka yangu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanipa pole ya Leonard kwa maneno marefu na mazuri, na nikaona aibu kuingiza habari za kaseti. Nikaziingiza hivyo hivyo.

"Ile ya binti?" akauliza. "Ipo ndani ya redio. Lakini redio imelala. Nimezianika betri tangu jana, jua limekataa kutoka."

Kweli, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba.

Mikidadi akachangamka. "Bibi, hili ni jambo dogo! Redio ikilia tu, narekodi kwa simu. Tunaondoka na wimbo, mama anabaki na kaseti yake. Hakuna anayepoteza."

Nilitamani kumbusu yule kijana. Jambo la maana kama hilo halikunijia kichwani siku zote hizi.

Akazifuta betri kwenye shati lake, akazipuliza, akazipachika. Redio ilikuwa juu ya stuli, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mama Joyce akakiondoa mwenyewe, akabonyeza.

Mchakacho. Kuku mmoja anatetea, kuku wangu wa zamani zile. Halafu, karibu kabisa, kama amesimama mlangoni:

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu," tukajibu.

Tulijibu wote wawili, mimi na Mama Joyce, kwa pumzi moja.

Siku ile ya kurekodi, wakati wenzake wameshaanza kuhesabu, mimi nilipita uani na ndoo nikitoka bombani. Tulikuwa hatujaonana tangu asubuhi. Regina hakuweza kuniacha nipite bila salamu, hata kama mkanda unazunguka. Hawakuifuta.

Gitaa likaanza. Mikidadi akainua simu. Na hapo hapo gitaa likaanza kulegea, likawa zito, likawa kama ng'ombe anayekoroma, likazimika.

Mikidadi akabonyeza. Akazitoa betri, akazisugua, akazirudisha. Kimya.

"Umeipata?" nikamuuliza.

"Bibi, hata sijafungua sehemu ya kurekodi."

Akatoka mbio kutafuta betri madukani. Tukabaki wawili.

"Kwa hiyo ni mwanao," Mama Joyce akasema.

"Ni mwanangu, mama."

"Ulimlea vizuri. Makelele yote yale nyuma yake, lakini salamu hakuisahau. Ananiamkia kila asubuhi. Namjibu, ndipo anaanza kuimba."

"Alishafariki, mama. Siku nyingi."

Akafikiri.

"Juzi kaniamkia," akasema.

Nikamweleza ya Irene. Sendofu, kamati, Jumamosi. Nikamwomba kaseti kwa magoti, sisemi hivyo kwa kupamba, nilipiga magoti kwenye sakafu yake ya udongo. Nikasema Jumapili nitairudisha mwenyewe.

"Inuka, mwanangu, utaumia. Watoto wangu nao walisema wanarudi. Waliondoka na viti, wakaondoka na saa ya ukutani, na wote walisema wanarudi. Siwalaumu, Dar ni mbali." Akanipapasa kichwani. "Mlete huyo mjukuu. Mje na betri, msikilize hapa mpaka mchoke, nitawapikia. Lakini huyu binti hatoki."

"Bibi harusi hawezi kupanda huku, mama. Muda hauruhusu."

"Basi na mimi nitafanyaje? Ukimchukua, nani ataniamkia?"

Nikainuka, nikaketi karibu na redio.

Mikidadi alirudi ametapakaa matope. "Hakuna, Bibi. Maduka yote. Wanasema betri za ukubwa huu waliacha kuleta, siku hizi watu wana redio za sola na kadi. Na lori la mwisho linapakia kabichi sasa hivi. Ukungu huu ukizidi, halishuki mpaka kesho mchana. Ikifika saa hiyo hatuwahi kamati."

"Hamwezi kuondoka mikono mitupu," Mama Joyce akasema. Akainuka, akashika ukuta, akaenda jikoni kwa kupapasa.

Nikafungua kidirisha cha redio. Nilitaka kuishika tu, niwaambie ukweli, nilitaka kuiona. Ikaruka mkononi. Picha ya mlima imefifia, na pembeni kuna mwandiko wa Regina: Kwa Mjomba.

Mikidadi alikuwa amesimama mlangoni. Akanitazama. Akatazama mkono wangu. Kisha akageuka akautazama ukungu.

"Bibi," akasema kwa sauti ya chini, "mimi sijaona kitu."

Jua halitatoka leo wala kesho. Betri hazitaamka. Hatajua mpaka siku jua litakapowaka, na siku hiyo mimi nitakuwa nimeshairudisha. Irene atakuwa amevuka. Niliyasema hayo yote moyoni kwa haraka sana, na mkono wangu ukaingia chini ya kanga, ukaiweka kaseti kifuani.

Mama Joyce akatokea na fungu la njegere limefungwa kwa jani la mgomba. Bado zilikuwa na umande. Alikuwa ametabasamu kwa upande ambao mimi sikuwepo, kisha akasikia pumzi yangu akanigeukia. Akanitafuta mkono. Akaupata ule usio na kitu, akauwekea njegere, akaufunga vidole kimoja kimoja.

"Mpe bibi harusi," akasema. "Na wewe usikae sana. Njoo tena unione, mwanangu. Ukija wewe, hata jua likikataa, nitakuwa na mtu wa kuniamkia."